Wakanda Ina Majirani

Mwezi Novemba 2025 Ryan Coogler, aliyeongoza filamu mbili za Black Panther kuhusu Wakanda, nchi ya kubuni ya Kiafrika, aliulizwa hadharani iwapo filamu yake inayofuata ni Black Panther ya tatu, naye hakuzungukazunguka: alikubali kwamba ndiyo, na kwamba kazi yake inaendelea kwa bidii. Maneno hayo machache yalizunguka makundi yetu ya WhatsApp kwa saa chache tu, kwa sababu tangu filamu ya pili, Wakanda Forever, itoke tarehe 11 Novemba 2022 tulikuwa tumeishi kwa tetesi. Mwongozaji mwenyewe alikuwa amekwenda kutengeneza Sinners, filamu aliyoibuni mwenyewe kutoka mwanzo na iliyotoka Aprili 2025, na baadhi yetu tulianza kuhofu kwamba mtu aliyeonja uhuru wa namna hiyo asingerudi tena kufanya kazi ndani ya ulimwengu wa Marvel, ambamo kila hadithi imefungwa na hadithi nyingine kumi. Sasa tunajua kwamba anarudi, na kwangu mimi hiyo ndiyo habari yenye uzito kuliko nyingine zote zilizotangulia, kwani Wakanda tunayoipenda ni Wakanda iliyopita mikononi mwake.

Nasema hivyo nikijua kwamba kuna habari nyingine iliyopata kelele zaidi. Novemba 2024, mwigizaji Denzel Washington alipokuwa akihojiwa wakati wa kuitangaza Gladiator II, alitaja kazi chache anazotaka kuzifanya kabla ya kustaafu, na katikati ya orodha hiyo, kati ya Othello na King Lear, alisema kwamba Coogler anamwandikia nafasi katika Black Panther inayofuata. Siri ilikuwa imetoka. Baadaye alieleza kwamba alimpigia Coogler simu kumwomba radhi, naye Coogler hakuikana habari hiyo. Tangu siku hiyo hapajakuwa na wiki ambayo sijaona picha ya Denzel iliyotengenezwa na shabiki, amevishwa joho la kifalme na kuwekwa kwenye kiti cha enzi, na chini yake mabishano marefu kuhusu iwapo atakuwa mfalme wa zamani, adui mpya au mzee wa baraza.

Mabishano hayo yananivutia kidogo tu. Kinachonigusa ni historia iliyoko kati ya Denzel na Chadwick Boseman, aliyeigiza kama T'Challa, mfalme wa Wakanda na Black Panther mwenyewe, historia ambayo wengi wa mashabiki vijana hawaijui. Boseman alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Howard alichaguliwa pamoja na wenzake kwenda Oxford kwa masomo ya uigizaji ya majira ya joto, lakini fedha za kwenda hawakuwa nazo. Mwalimu wake, mwigizaji Phylicia Rashad, aliwatafutia wafadhili miongoni mwa watu aliowafahamu, na aliyelipa gharama za Boseman alikuwa Denzel Washington. Boseman aliyajua hayo kwa miaka mingi kabla ya kuyasema, na mwaka 2019, katika hafla ya kumtunuku Denzel, alisimama mbele ya umati akamshukuru waziwazi na kusema kwamba bila yeye Black Panther isingekuwapo. Kwa hiyo Denzel akiingia Wakanda, ataingia katika nyumba ambayo aliichangia ada tangu msingi wake haujachimbwa. Iwapo Coogler anamwandikia nafasi, naamini analijua hilo vizuri kuliko sisi, na sioni sababu ya kumharakisha.

Haraka yenyewe, kwa kweli, ndiyo iliyojaza mahali ambapo habari zinakosekana. Swali linaloulizwa kila siku ni lilelile: nani atakuwa T'Challa? Boseman alifariki dunia tarehe 28 Agosti 2020, akiwa na umri wa miaka 43, kwa saratani ya utumbo mpana ambayo aliugua kwa miaka minne huku akiendelea kuigiza, na watu wengi aliofanya nao kazi hawakujua. Desemba mwaka huohuo Kevin Feige, mkuu wa Marvel Studios, alitangaza kwamba nafasi hiyo haitapewa mwigizaji mwingine. Wapo mashabiki waliolikubali hilo kama heshima, na wapo walioanzisha kampeni ya kudai T'Challa arudishwe kwa sura nyingine, wakisema kwamba mtoto mweusi anahitaji kumwona shujaa huyo akiishi na kuzeeka kama wanavyoishi na kuzeeka mashujaa wengine, ambao wamebadilishiwa waigizaji mara kadhaa bila mtu kulia. Hoja hiyo si ya kitoto. Nimeisoma kutoka kwa watu wenye akili timamu na mapenzi ya kweli, na sijawahi kuweza kuipuuza.

Hata hivyo nilikuwa ukumbini Dar es Salaam wiki ile Wakanda Forever ilipoanza kuonyeshwa, na kile nilichokiona ndicho kilichoniweka upande wa pili. Nembo ya Marvel, ambayo kwa kawaida huja na muziki wa kishindo na picha za mashujaa wote, safari hii ilikuja na picha za Boseman peke yake, bila muziki, ila sauti ya upepo tu. Kijana aliyekaa mbele yangu alikuwa akitafuna bisi tangu wakati wa matangazo. Mkono wake ulisimama juu ya mfuko, ukabaki hapohapo mpaka nembo ilipokwisha, kisha akaufunga mfuko na kuuweka sakafuni. Nyuma yetu walikuwa wasichana waliokuja na magauni ya vitenge na shanga shingoni, wamejipamba kama watu waendao harusini, na mmoja wao alikuwa akifuta macho kabla hadithi haijaanza. Watu hao hawakuwa wamekuja kutazama katuni. Walikuwa wamefika msibani. Coogler aliielewa hali hiyo, akaijenga filamu nzima juu ya matanga, na ndiyo maana ilisimama. Trela yake ya kwanza, ile ya Julai 2022 iliyofungua kwa Tems akiimba No Woman, No Cry, ilitazamwa mara milioni 172 ndani ya saa 24, na filamu yenyewe ikakusanya takribani dola milioni 859 duniani. Fedha hizo ni pungufu ya zile bilioni 1.3 na ushee za filamu ya kwanza, lakini sidhani kama kuna aliyekwenda kuiangalia kwa ajili ya mashindano ya fedha.

Kuna jambo jingine ambalo Coogler amelieleza mwenyewe na ambalo linafaa kukumbukwa na kila anayelalamika kwamba tunacheleweshwa. Muswada wa kwanza wa filamu ya pili aliuandika kwa ajili ya Boseman. Ulikuwa unahusu baba na mwana: T'Challa anarudi baada ya miaka mitano ya kutoweka kwa sababu ya Thanos, adui wa filamu za Avengers, na anakuta ana mtoto asiyemfahamu. Boseman hakuweza kuusoma, kwani wakati huo alikuwa amechoka mno na ugonjwa. Baada ya mazishi, mwongozaji ilimbidi aanze upya, na sote tuliona alichokifanya na masalia ya wazo lile: katika dakika za mwisho Nakia, mpenzi wa T'Challa, anamleta kwa Shuri, dada wa mfalme huyo, mtoto wa miaka sita, aliyelelewa Haiti kwa jina la Toussaint, ambaye jina lake la nyumbani ni T'Challa mwana wa T'Challa. Basi wanaouliza T'Challa yuko wapi wamekwisha kuonyeshwa. Filamu ya tatu ina mrithi, na ina mwandishi ambaye hadithi ya baba na mwana imekaa naye kwa miaka mingi bila kupata pa kuitua.

Sasa nije kwenye kile ninachokisubiri hasa, na ambacho sikioni kikijadiliwa.

Ukitazama ramani zinazoonekana kwa sekunde chache katika Captain America: Civil War na Avengers: Infinity War, Wakanda imewekwa kaskazini ya Ziwa Turkana, pale ambapo Kenya, Uganda, Ethiopia na Sudan Kusini zinakaribiana. Katika vitabu vya katuni, ambako nchi hiyo ilizaliwa mwaka 1966 mikononi mwa Stan Lee na Jack Kirby, mahali pake pamehamahama. Baadhi ya waandishi waliiweka kaskazini tu ya Tanzania, na Ta-Nehisi Coates, aliyeanza kuiandika mwaka 2016, akaisogeza kwenye Ziwa Victoria. Waandishi hao walibuni hata majirani zake, wakawaita Niganda, Narobia, Azania na Kanaani, majina ambayo mtu wa Kampala au Nairobi akiyasikia hutambua mara moja yalikotoka. Coogler kwa upande wake amesema kwamba aliifikiria Lesotho, ufalme wa milimani ambao jiografia yake iliusaidia kujilinda. Lakini ramani ya sinema ni ile ya Turkana, na mimi naishikilia hiyo, kwa sababu inasema kwamba Wakanda iko kwetu.

Iko kwetu, lakini sisi hatumo. Fuatilia safari zote za filamu hizi mbili uone. Mwaka 2018 tulianzia Oakland, tukaenda msitu wa Sambisa nchini Nigeria kumchukua Nakia, tukafika London kwenye jumba la makumbusho, tukapigana Busan nchini Korea Kusini, tukamalizia Vienna mbele ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 2022 tulipelekwa Mali, Geneva, Boston, Haiti na rasi ya Yucatán hadi chini ya bahari. Katika safari zote hizo hakuna hata mara moja ambapo mtu wa Wakanda anavuka mpaka kwa miguu na kukutana na jirani. Mandhari ya kwetu imo: ndege za kupigia picha ziliruka juu ya milima ya Rwenzori na msitu wa Bwindi nchini Uganda ili kupata vilele na miti ambayo baadaye iligeuzwa kuwa Wakanda. Mavazi ya kwetu yamo: Ruth Carter, mbunifu wa mavazi aliyeshinda Oscar kwa filamu zote mbili, alichukua wekundu wa Wamaasai akawavika walinzi wa Dora Milaje, na kisahani cha mdomoni cha Wamursi wa bonde la Omo akampa mzee wa Kabila la Mto. Waigizaji wa kwetu wamo pia. Florence Kasumba alizaliwa Kampala, wazazi wa Daniel Kaluuya ni Waganda, na Lupita Nyong'o ni binti wa Kenya ambaye kwa ajili yake filamu ya kwanza ilionyeshwa Kisumu kwa shangwe mnamo Februari 2018, siku chache kabla haijaingia rasmi kumbi za Marekani. Milima, shanga na sura zetu vimeingia, ila nchi zetu hazikutajwa, na lugha inayozungumzwa katika jumba la kifalme ni Kixhosa, ambacho mwigizaji John Kani alikileta kutoka Afrika Kusini. Kixhosa hicho nakipenda, na sidai kiondolewe. Nauliza tu watu wanaopakana na nchi hiyo huzungumza nini, na walikuwa wapi wakati wote huu.

Swali hili lina uzito zaidi ya fahari ya wenyeji, kwa sababu filamu ya kwanza yenyewe ndiyo iliyolianzisha. Nakia anamwambia T'Challa, wakitembea sokoni, kwamba Wakanda ina uwezo wa kutoa misaada na kuwapokea wakimbizi. W'Kabi, rafiki wa mfalme na kiongozi wa Kabila la Mpakani, analipinga wazo hilo: ukiwaruhusu wakimbizi kuingia, wataingia na shida zao, na Wakanda itakuwa kama kwingineko. Ni mabadilishano mafupi, yanapita kabla hujajikalia vizuri, lakini hadithi yote imesimama juu yake, kwani Killmonger, adui wa T'Challa katika filamu hiyo, anazaliwa kutokana na dhambi hiyohiyo ya kufunga mlango.

Sasa weka mabishano hayo juu ya ramani. Magharibi ya Ziwa Turkana iko kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1992, wakati maelfu ya wavulana waliokuwa wametembea kwa miguu kukimbia vita ya Sudan walipofika Kenya, na mwaka 1992 ndio mwaka ambao filamu ya kwanza inaanza, Mfalme T'Chaka, baba wa T'Challa, akimuua ndugu yake mwenyewe katika nyumba ya ghorofa huko Oakland. Sidhani kama waandishi waliupanga ulinganifu huo, lakini upo, na mimi siwezi kuuondoa kichwani. Wakati mfalme wa nchi tajiri kuliko zote duniani anasafiri hadi California kulinda siri ya vibranium, madini ya thamani ya Wakanda, watoto wanafika mpakani mwake wakiwa hawana viatu. Leo Kakuma pamoja na makazi ya Kalobeyei inahifadhi watu zaidi ya 200,000 kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko, na Mkongo na Mrundi wanapokutana pale na mwenyeji Mturkana, mara nyingi lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. T'Challa anapobadili msimamo mwishoni mwa filamu ya kwanza, kituo chake cha kwanza cha msaada anakijenga Oakland. Naelewa kwa nini: ndipo jeraha la familia yake lilipo, na ndipo alipokulia Coogler. Lakini mtu wa Lodwar, mji wa Turkana, akitazama, ana haki ya kuuliza kama ndege ya mfalme haikupita juu ya kijiji chake ikienda huko.

Na si wakimbizi peke yao. Wakanda Forever iliingia katika siasa ya madini kwa kuonyesha askari waliotumwa na Ufaransa wakivamia kituo cha Wakanda nchini Mali ili kuiba vibranium. Hilo lilikuwa jambo la ujasiri kwa filamu ya studio kubwa kiasi hicho. Lakini mataifa makubwa si pekee yanayoitazama ardhi. Turkana yenyewe iligunduliwa mafuta mwaka 2012 katika bonde la Lokichar, na tangu hapo wananchi wamekuwa wakiuliza nani atafaidika, maji yatatoka wapi na malisho yatakwenda kwa nani. Nchi inayokaa juu ya mlima wa madini yenye thamani kuliko mafuta, huku ng'ombe wa majirani wakifa kwa ukame umbali wa siku moja ya kutembea, ina hadithi ambayo hakuna adui kama Namor wala Thanos anayehitajika ili iwe na mgongano.

Watazamaji wetu wameanza kuliona pengo hili na kuliziba wenyewe. Wanaozijua filamu zinazosimuliwa kwa Kiswahili, kama zile za DJ Afro zilizopendwa Kenya nzima, au zile za wasimuliaji wa vibanda vya video vya Tanzania, wanajua kwamba msimuliaji hatafsiri tu: huwapa wahusika kabila, mtaa na mashemeji. Katika kibanda kimoja cha Mwanza nilimsikia msimuliaji akiwageuza W'Kabi na watu wake, waliojifunika mablanketi na kufuga vifaru, kuwa wafugaji wanaolinda mpaka dhidi ya wezi wa mifugo kutoka ng'ambo. Watoto waliokuwa kwenye mabenchi ya mbele walimwelewa papo hapo, na mmoja akadakia kuuliza hao wezi ni wa upande gani. Mtoto huyo alikuwa ameuliza swali ambalo filamu mbili za mamia ya mamilioni ya dola hazikuliuliza.

Njiani kuna Avengers: Doomsday, iliyopangwa kutoka tarehe 18 Desemba 2026, na Secret Wars mwaka mmoja baadaye. Marvel ilipotangaza waigizaji wa Doomsday tarehe 26 Machi 2025, kwa matangazo ya moja kwa moja ya saa kadhaa yaliyoonyesha viti vyenye majina kimoja baada ya kingine, Letitia Wright, Winston Duke na Tenoch Huerta wa Wakanda Forever walikuwamo. Nitaiangalia, na nitafurahi kumwona M'Baku, kiongozi wa kabila la milimani la Wakanda, ambaye tulimwacha akijitokeza kugombea kiti cha enzi. Hofu yangu ni moja tu: kwamba Wakanda itatumika tena kama uwanja wa vita, majani yachomwe, ngao ivunjwe, kisha Coogler akabidhiwe magofu na kuambiwa aanzie hapo. Ilikuwa hivyo mwaka 2018 katika Infinity War. Marvel wakitaka kumfanyia Coogler hisani, wamwachie nchi nzima.

Kwa sababu mtu wa kuibeba hadithi ninayoisubiri tayari yupo. Ni Nakia, ambaye tangu dakika za kwanza alikuwa nje ya mipaka akifanya kazi kwa ajili ya watu wasio wa kwao, na aliyekataa kuwa malkia kwa sababu ya kazi hiyo. Mwanawe anakua. Siku moja itabidi arudi nyumbani kwa baba yake, na anaweza kurudishwa kwa ndege isiyoonekana, kama kila mtu wa Wakanda anavyorudi. Natamani Coogler amrudishe kwa barabara, mama na mwana ndani ya basi kutoka Lodwar kwenda Kakuma na kuendelea hadi Lokichoggio, mtoto aliyelelewa kwa Kikrioli cha Haiti akikaa kiti kimoja na watoto wanaosemezana Kiswahili na Kiturkana, akiwauliza huko mbele kuna nini, nao wakimwambia kwamba huko mbele hakuna kitu, ni nchi ya wachungaji tu.